Mhusika wangu wa Oblivion amefika ngazi ya 14 lakini anazidi kuwa dhaifu: nilikosea wapi kumpanga?

MtotoWaBuhongwa aliandika:

Wakuu, habari za jioni, na shikamooni nyote mlionitangulia. Ninaandika kutoka Buhongwa, Mwanza, ambako nina kiduka cha kuuza chaja na makava ya simu. Muda wangu wa kucheza ni kama saa mbili kila usiku baada ya kufunga hesabu, iwapo umeme haujakatika. Mapema mwaka huu nilinunua kompyuta mpakato iliyokwisha kutumika, na kwa kuwa haina kadi ya picha ya maana, rafiki yangu alinishauri nicheze michezo ya zamani ambayo haiichoshi mashine. Ndivyo nilivyoangukia The Elder Scrolls IV: Oblivion, ule wa mwaka 2006, na kwa wiki tatu za kwanza nilijiona kama mtu aliyeokota dhahabu Geita.

Tatizo langu ni kwamba kadiri mhusika wangu anavyopanda ngazi ndivyo anavyozidi kupigwa. Nilipokuwa ngazi ya 3, mbwa mwitu alikufa kwa mapigo mawili. Sasa niko ngazi ya 14, na goblini mmoja pangoni ananimalizia dawa zote za kuponya kabla sijampunguza nusu ya uhai wake. Juzi mnyang'anyi wa barabarani alinisimamisha akanidai sarafu 100 ilhali yeye mwenyewe amevaa deraya ambayo mimi sijawahi kuimiliki, na bado alinishinda. Nilidhani kupanda ngazi ndiko kupata nguvu, lakini naona nimelipa nauli ya kurudi nyuma.

Ili mnisaidie vizuri, ninaweka hesabu zote hapa. Majina ya kwenye skrini ni ya Kiingereza, ila nitayaandika kwa Kiswahili kwa namna ninavyoyaelewa. Mhusika ni mwanamume wa Imperial, mojawapo ya asili za watu wa mchezo huu, na utaalamu wake ni wa kificho. Stadi kuu saba nilizomchagulia, pamoja na zilipoanzia na zilipofika, ni hizi: upanga kutoka 30 hadi 43, deraya nyepesi kutoka 30 hadi 35, riadha kutoka 25 hadi 50, sarakasi kutoka 30 hadi 55, biashara kutoka 40 hadi 50, ushawishi kutoka 40 hadi 52, na alkemia, yaani utengenezaji wa dawa, kutoka 25 hadi 65. Kwa upande wa sifa za mwili na akili, Kasi ni 78, Haiba ni 81, Akili ni 66, ilhali Nguvu na Ustahimilivu bado ziko 40 kama nilivyozaliwa nazo.

Maswali yangu ni mawili. Je, mhusika huyu anaweza kuokolewa, au nimzike nianze upya baada ya saa zipatazo 60 za kucheza? Na kama ni kuanza upya, mtu anapaswa kuchagua stadi kuu kwa kuangalia nini? Naomba kuwasilisha.

NahodhaWaKamanga alijibu:

Marahaba kijana, na umefanya vyema kuweka namba, kwa sababu wengi huja hapa wakilalamika kwamba mchezo ni mgumu bila kutuonyesha daftari lao.

Tuanze na jambo ambalo mchezo wenyewe haukuelezi waziwazi. Katika Oblivion, kupanda ngazi kunategemea stadi kuu peke yake: zikipanda jumla ya mara 10, bila kujali ni ipi iliyopanda, ukilala kitandani unaamka ukiwa ngazi ya juu. Wakati huohuo, adui wengi duniani humo wanapimwa kwa ngazi yako, pamoja na silaha na deraya wanazovaa. Mtu akizoea michezo mingine anafikiri ngazi ni kama injini mpya ya boti, kwamba ukiifunga tu unawaacha wenzako nyuma. Hapa ziwa lenyewe linachafuka zaidi kila unapofunga injini kubwa, na kama hukuziba nyufa za mtumbwi, injini hiyo inakuzamisha upesi zaidi. Ndiyo maana mnyang'anyi wako alivaa vizuri kuliko wewe, na ukifika ngazi ya 20 na kitu utawakuta wenzake wamevaa deraya za kioo huku bado wanakudai sarafu zilezile 100. Kichekesho hicho kimezungumzwa tangu mchezo utoke, na hakuna aliyewahi kunieleza kwa nini jambazi mwenye mali ya namna hiyo asiiuze akastaafu.

Sasa twende kwenye daftari lako. Umepanda ngazi 13, maana yake stadi kuu zimepanda mara 130. Kati ya hizo, alkemia imepanda mara 40, riadha na sarakasi mara 25 kila moja, ushawishi mara 12, biashara mara 10, upanga mara 13 na deraya nyepesi mara 5. Ukijumlisha stadi zinazohusu mapigano, yaani upanga na deraya, unapata 18 kati ya 130. Zilizobaki 112 umezipata kwa kukimbia, kurukaruka, kupika dawa na kupatana bei. Ndugu yangu, umemjenga mfanyabiashara hodari wa Makoroboi, mwenye mbio, mwenye maneno matamu na mwenye akili ya hesabu, halafu ukamtuma pangoni akapigane na goblini ambaye mchezo umemwandaa kwa ajili ya shujaa wa ngazi ya 14. Sishangai kwamba anapigwa.

Kosa la pili linatokana na la kwanza. Kila unapoamka ngazi mpya unachagua sifa tatu za kuongeza, na kiasi cha nyongeza kinategemea stadi za sifa hiyo zilipanda mara ngapi tangu ngazi iliyopita, ziwe kuu au ndogo, yaani zile ambazo hukuzichagua kuwa kuu. Zisipopanda kabisa unapata 1. Zikipanda mara 1 hadi 4 unapata 2, mara 5 hadi 7 unapata 3, mara 8 au 9 unapata 4, na kuanzia mara 10 unapata 5, ambayo ndiyo ya juu kabisa. Kila sifa ina stadi tatu chini yake, isipokuwa Bahati, ambayo haina stadi hata moja na huongezeka kwa 1 tu. Chini ya Nguvu kuna upanga, rungu na ngumi. Chini ya Ustahimilivu kuna uhunzi wa kutengeneza silaha, kukinga kwa ngao na deraya nzito. Wewe hukugusa hata moja kati ya hizo tatu za mwisho, hivyo kila ulipoamka mchezo ulikuonyesha 1 kwenye Ustahimilivu, ukaona haina faida, ukaweka kwenye Kasi na Haiba.

Na Ustahimilivu ndio uhai wenyewe. Uhai wa mhusika ni Ustahimilivu mara mbili, kisha kila ngazi inaongeza asilimia 10 ya Ustahimilivu ulio nao wakati huo. Wako ulibaki 40, kwa hiyo ulianza na uhai 80 na ukaongeza 4 kwa kila ngazi, jumla 132. Kama sijakosea, hiyo ndiyo namba iliyo kwenye skrini yako. Mtu aliyeanzia 40 kama wewe lakini akaongeza 5 kila ngazi angekuwa amefika 100 kwenye ngazi ya 13, na sasa angekuwa na uhai zaidi ya 270. Mkikutana na goblini yuleyule, yeye angeona mchezo ni mwepesi.

Kuhusu kuchagua stadi kuu, nina kanuni moja ninayoishika kuliko nyingine zote: stadi inayopanda yenyewe bila wewe kuamua isiwe kuu. Riadha inapanda kila ukikimbia na kuogelea. Sarakasi inapanda kila ukiruka. Ukiziweka kuwa kuu, safari ya kutoka mji mmoja hadi mwingine inakupandishia ngazi hata kama hukugusa upanga njiani, na adui wote wanakua pamoja na safari yako. Weka kuwa kuu zile ambazo mkono wako unaweza kuzianzisha na kuzisimamisha, kama upanga, au uchawi ambao haupandi mpaka uutamke. Zile zinazopanda kama magugu ziache ziwe ndogo, kwa kuwa nyongeza ya sifa zinaihesabia vilevile.

DadaWaNyakato alijibu:

Nahodha ameeleza vizuri, ila naogopa maelezo yake yatamfanya kijana wa watu acheze akiwa na kalamu na daftari badala ya kucheza. Mimi niliumaliza mchezo huu bila kuhesabu chochote. Nilicheza na mchawi wa moto, nikapanda ngazi ovyo kama wewe, na nilipozidiwa nilisogeza kidogo kile kipimo cha ugumu kilichomo kwenye mipangilio, wala sikuona aibu. Kipimo kimewekwa ili kitumike.

Halafu mkuu mwenye mada, mbona una silaha kubwa ambayo huitumii? Alkemia yako ni 65. Kwa kiwango hicho unaziona sifa tatu kati ya nne za kila kiungo, na sumu unazoweza kutengeneza ni kali kweli. Mmea wa Nightshade una sifa ya kudhuru uhai, na Spiddal Stick, unaouokota ukiingia kwenye yale malango ya Oblivion, una sifa hiyohiyo. Changanya hivyo viwili, paka sumu kwenye upanga kabla ya kumwendea goblini, na pigo la kwanza litafanya kazi ambayo Nguvu 40 haiwezi kuifanya. Sumu inaisha kwa pigo moja, kwa hiyo beba chupa kadhaa. Umetengeneza dawa za kutosha kupanda mara 40, na nina hakika karibu zote ulikuwa unaziuza.

MtotoWaBuhongwa aliandika:

Dada, umenibaini. Nilikuwa ninaziuza zote, na ndiyo sababu biashara yangu imepanda. Kumbe kazi ya mchana nimeihamishia usiku.

Nahodha, nimeangalia, na uhai wangu ni 132 kama ulivyosema, hadi nikashtuka. Lakini kuna jambo moja bado halijaniingia akilini. Kama ninataka Ustahimilivu upande kwa 5, ninahitaji kukinga au kutengeneza vifaa mara nyingi sana kabla ya kulala. Wakati huohuo ninapigana, upanga unapanda, na riadha inapanda kwa sababu mtu hawezi kuacha kukimbia. Nitazuiaje ngazi isinifikie kabla sijamaliza kukusanya?

NahodhaWaKamanga alijibu:

Hilo ndilo swali lenyewe, na jibu lake ni mpangilio wa kazi: anza na stadi ndogo, malizia na kuu. Stadi ndogo haziisogezi ngazi, hivyo unaweza kuzipandisha mara 10 au 15 bila dunia kukujibu. Ukishamaliza, ndipo unakwenda kupigana kwa upanga mpaka zipatikane zile 10 za stadi kuu, unalala, unavuna.

Kwa Ustahimilivu kuna njia ambayo wachezaji wa zamani wote wanaijua, na ninaamini mtu wa kandokando ya ziwa ataipenda. Nenda ufukweni, tafuta kaa mmoja wa matope. Vaa deraya nzito, shika ngao, simama mbele yake uiinue, na mwache akupige. Kaa huyo hana madhara makubwa, lakini kila pigo unalolikinga linasogeza stadi ya ngao, na ukishusha ngao kidogo, pigo linalokupata linasogeza stadi ya deraya nzito. Baada ya muda deraya na ngao zitachakaa, nawe utazitengeneza kwa nyundo, na hapo uhunzi nao unapanda. Kaa mmoja anakufundisha stadi zote tatu za sifa moja. Kwa kuwa stadi zako ndogo zimeanzia chini sana, ngao ikiwa 5 na deraya nzito 15 kwa sababu ya asili yako ya Imperial, mwanzoni zitapanda upesi. Ukiwa na pesa, na wewe unazo, walimu waliotawanyika mijini wanafundisha hadi mara 5 kwa kila ngazi, na mafunzo hayo yanahesabiwa kwenye nyongeza ya sifa sawa na kujifunza mwenyewe.

Sasa nijibu swali ambalo bado hujajibiwa, la kumzika au kutomzika. Usimzike. Piga hesabu hii: kufikisha Ustahimilivu kutoka 40 hadi 100 kwa nyongeza za 5 kunahitaji ngazi 12, yaani stadi zake zipande mara 120. Ngao na uhunzi zina nafasi ya kupanda mara 95 kila moja, na deraya nzito mara 85, jumla 275. Akiba yako yote iko pale pale, hujaitumia hata kidogo. Sehemu ya uhai inayotokana na Ustahimilivu mara mbili utaipata yote siku utakapoongeza, kwa sababu kila pointi inaleta uhai 2 papo hapo. Kilichopotea moja kwa moja ni ile asilimia 10 ya ngazi zilizopita, ambayo hailipwi kwa kurudi nyuma, nayo kwa hesabu yangu ni uhai kama 40 hivi. Ni hasara, lakini si ya kutupa saa 60.

Angalizo langu kwa ushauri wa dada yangu wa Nyakato ni hili: sumu ni wazo zuri na nimejilaumu kwa kutolitaja, ila alkemia ni stadi yake kuu. Kila chupa anayopika inamsogeza kwenye ngazi ijayo. Apike za kutumia, aache kupika za kuuza.

DadaWaNyakato alijibu:

Hapo tumekubaliana. Lakini kukaa ufukweni dakika 20 ukipigwa na kaa bado nasema si mchezo, ni kibarua.

MvuviWaUkara alijibu:

Nimewasoma wote kwa utulivu, kwa sababu huku kisiwani mwezi umekaribia kujaa na sisi wa dagaa tunapumzika. Taa zetu hazina kazi mwezi ukiwa mpevu, maana dagaa huufuata mwanga wa taa pale tu panapokuwa na giza. Nilitaka kuongeza jambo moja ambalo nadhani litamsaidia mwenye mada asije akachukua kanuni za Oblivion akazipeleka kwenye kila mchezo wa aina hii, akapotea tena.

Kabla ya kumpanga mhusika, jiulize kwanza: dunia ya mchezo huu inakua pamoja nami, au inanisubiri pale pale? Katika Diablo II, wa mwaka 2000, inakusubiri. Adui wa eneo fulani kwenye daraja fulani la ugumu wana kiwango chao, na ngazi yako haiwabadilishi. Kila ngazi inakupa pointi 5 za sifa na pointi 1 ya stadi, kwa hiyo ngazi ni faida tupu, na kanuni ya Nahodha ya kujizuia usipande haina maana yoyote kule. Hatari yake iko pengine: kwa miaka mingi, pointi ukishaiweka ilikuwa imewekwa. Nilimharibu mchawi wa kike kwa kutawanya pointi kwenye moto, barafu na radi kwa pamoja, akawa hajui lolote kwa kina, na mwaka 2003 toleo la 1.10 lilipoleta utaratibu wa stadi kusaidiana, waliojikita kwenye njia moja ndio walionufaika. Ilikuwa hadi toleo la 1.13, mwaka 2010, ndipo mchezaji aliporuhusiwa kuzirudisha pointi zake kupitia Akara, mhusika mmoja wa mchezo huo. Kwa hiyo kule unapanga kuanzia mwisho: unachagua stadi moja ya ngazi ya juu utakayoitegemea, kisha unarudi nyuma ukihesabu inahitaji nini.

Skyrim, wa mwaka 2011, uko katikati. Waliondoa kabisa zile sifa nane. Ukipanda ngazi unachagua kuongeza 10 kwenye uhai, uchawi au pumzi, na unapata pointi moja ya kipaji. Hakuna tena daftari la nyongeza za 5. Lakini mtego uliomnasa kijana wetu bado umo, kwa kuwa stadi zote 18 zinachangia ngazi na adui wengi bado wanakutazama ulivyo, ingawa maeneo mengi yana kiwango cha chini na cha juu ambacho hayavuki. Mtu anakaa kwenye karakana akifua majambia ya chuma mpaka anafika ngazi ya 20, anatoka nje hajui kupigana, na dubu wa kwanza anamfundisha adabu. Tofauti ni kwamba huyo wa Skyrim angalau ametengeneza silaha nzuri. Tena tangu toleo la 1.9 la mwaka 2013, stadi iliyofika 100 inaweza kurudishwa hadi 15 na vipaji vyake ukarudishiwa, kwa hiyo kosa la mipango linasameheka.

Na kwa Oblivion yenyewe, ile iliyofanywa upya mwezi wa 4 mwaka 2025 imelifumua jambo hili. Stadi kuu na ndogo zote zinachangia ngazi, na ukipanda unapewa pointi 12 za kugawa kwenye sifa tatu, kila moja isizidi 5, na Bahati ikiwa ghali kuliko nyingine. Ningemshauri kijana ahamie huko, ila ule unahitaji kompyuta ambayo kwa bei yake ungenunua nyavu na taa za kuanzia. Abaki na wa 2006.

Nyongeza ya mwisho kwa Oblivion. Nahodha amesema kwa usahihi kwamba ngazi inamkuza adui, lakini asije mtu akaamua kutolala kabisa ili abaki ngazi ya 1. Inawezekana, na wapo wanaomaliza hivyo. Hata hivyo, kuna madhabahu yasiyokupa kazi kabla hujafika ngazi ya 20, na zawadi nyingi za kazi zinapimwa kwa ngazi uliyo nayo siku unayoipokea. Upanga wa zawadi ukiuchukua ngazi ya 3 utabaki upanga wa ngazi ya 3 maisha yake yote. Mimi nilikuwa na mazoea ya kuacha kazi zenye zawadi nzuri kiporo, na kuwahi zile zenye vita vikubwa visivyo na zawadi ya maana, hasa ile ya mji wa Kvatch, ambayo ukiichelewesha unajitafutia matatizo.

MtotoWaBuhongwa aliandika:

Wakuu, nimerudi baada ya siku tisa. Mbili kati ya hizo hazikuwa na umeme usiku, na betri ya mashine yangu inakaa dakika 20 tu, kwa hiyo sasa ninahifadhi mchezo kila mara kabla ya kufanya lolote la maana.

Sikumzika. Nilinunua deraya nzito, ngao na nyundo, nikaenda ufukweni nikamtafuta kaa. Dada wa Nyakato alisema kweli kwamba ni kibarua, lakini nilikuwa ninamwachia kaa kazi huku mimi ninapanga hesabu za duka pembeni, na usiku mmoja ulitosha kuipandisha ngao kutoka 5 hadi 13. Uhunzi nao ulipanda mara 4 wakati wa kutengeneza. Nilimaliza hayo kabla ya kugusa upanga, kama nilivyoelekezwa, na ili riadha isinipandie nilianza kusafiri kwa farasi.

Hata hivyo nilifanya kosa dogo. Kati ya zile 10 za stadi kuu, upanga ulipanda mara 8 na riadha mara 2, kwa sababu kuna mahali farasi alikufa na nilikimbia kuokoa roho yangu. Nilipolala nikapata 5 kwenye Ustahimilivu, lakini Nguvu ikapata 4 tu, na ya tatu nikaiweka kwenye Bahati. Baadaye nikakumbuka kwamba ngumi nazo zinahesabiwa chini ya Nguvu. Kama ningempiga mbwa mwitu mmoja au wawili kwa mikono mitupu mpaka ngumi zipande mara 2, ningepata 5. Uhai wangu umetoka 132 hadi 146. Kwa mara ya kwanza tangu ngazi ya 5 nimepanda na kuona tofauti upande wangu.

Jana nilimrudia goblini wa pangoni nikiwa na chupa sita za sumu. Alikufa kwa chupa ya tatu. Wakati ninatoka pangoni kurudi mjini, yule mnyang'anyi wa barabarani, au ndugu yake, alinisimamisha akanidai sarafu 100. Nimemlipa. Chupa tatu zilizobaki ninazihitaji kesho, na kupika nyingine kungenipeleka ngazi ya 16 kabla kaa hajamaliza kazi yake.